Siku Redio Zilipokuwa na Adabu

Wembe alibadilisha gauni mara tatu asubuhi ile, utadhani redioni mtu anaonekana. La kwanza lilimbana, la pili lilikuwa la msibani, la tatu lilikuwa jekundu, akasema basi, na liwe hilo hilo. Daraja linafunguliwa leo. Dada yake anavuka leo. Alipokuwa akifunga kifungo cha shingoni alijikuta anacheka peke yake mbele ya kioo, mwanamke mzima mwenye wajukuu.

Wembe halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wasikilizaji, na hakuna aliyewahi kubisha. Kwa zaidi ya miaka kumi, kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari, alikuwa na dakika zake chache za kuikejeli nchi ya ng'ambo ya mto: serikali yao, jeshi lao, barabara zao, hata mvua yao. Ng'ambo nako kulikuwa na mwenzake, mwanamume waliyemwita Ngurumo, mwenye dakika zake za kujibu. Akipigwa moja, anarudisha mbili. Watu wa pande zote walisikiliza vituo vyote viwili, wengine wakijifunika shuka pamoja na redio zao. Kusikiliza redio ya adui lilikuwa kosa la kufungwa, lakini kulikosa jibu la Ngurumo ilikuwa hasara ambayo hakuna aliyekubali kuipata.

Lugha ilikuwa moja na mto ulikuwa mmoja. Wakubwa waligombania maji ya mto huo, kana kwamba mto wenyewe ulikuwa umewatuma, vikaja vita vya wiki chache, kisha daraja likafungwa na simu zikakatwa. Dada yake Wembe alikuwa ameolewa huko. Mume, watoto, nyumba, vyote vikabaki upande wa pili, naye pamoja navyo. Wembe hakupata habari zake tena hadi mwezi uliopita, pale dereva wa wajumbe wa mazungumzo alipomfuata hadi mlangoni.

"Dada yako mzima kabisa," dereva alimwambia. "Amesema siku daraja likifunguliwa, atavuka."

Wembe alimkumbatia dereva wa watu mpaka kofia ikamdondoka.

Tatizo ni kwamba ufunguzi wenyewe ulikuwa wa majaribio. Siku moja tu, asubuhi mpaka jua kuzama. Wananchi wakivuka na kurudi salama, mawaziri wa mambo ya nje watatia saini mkataba kesho yake, balozi zifunguliwe na daraja libaki wazi. Wasipovuka, kulikuwa na wapenda vita katika serikali zote mbili waliokaa mkao wa kula, wakisubiri kusema: si mnaona, wananchi wenyewe hawataki. Hapo daraja lingefungwa tena, na dada angebaki kule kule. Wembe alilijua hilo vizuri kuliko alivyoujua umri wake, ambao kwa kweli alikuwa ameamua kuusahau.

Studio yenyewe iliwekwa kwenye chumba cha zamani cha forodha, pale daraja linapoanza, upande wa kwao. Mtu alikuwa amefagia, lakini vumbi la miaka yote ile lilikuwa limehamia tu kwenye pembe. Palikuwa na meza moja, viti viwili, vipaza sauti viwili, na fundi mitambo aliyepiga magoti katikati ya waya akizungumza nazo kwa upole. Dirisha pana lilitazama daraja lote mpaka mwisho wake. Leo, kwa mara ya kwanza, redio za nchi zote mbili zingerusha matangazo ya pamoja, na watangazaji walikuwa Wembe na Ngurumo.

Ngurumo alikuwa ameshafika. Wembe alipoingia alimtafuta kwa macho mtu wa miraba minne, mwenye shingo nene na kicheko cha dharau, yule aliyekuwa akigombana naye kichwani hata wakati wa kuosha vyombo. Aliyesimama kumpokea alikuwa mzee mfupi mwenye sweta la kijivu, mfukoni amejaza peremende za kikohozi.

"Wewe ndiye Wembe?" aliuliza, na sauti ilikuwa ile ile, ikitoka mahali asipotegemea mtu. "Mimi siku zote nilidhani mwembamba."

"Na mimi nilidhani mrefu."

Walitazamana. Mtu umemwita tumbo la serikali kila asubuhi tangu watoto wako hawajaoa, sasa unamsalimiaje? Wembe alitoa mkono, Ngurumo akaupokea kwa mikono miwili, na wote wawili wakaanza kucheka kicheko cha chinichini, kama watoto waliokutwa jikoni.

Afisa wa itifaki akakohoa. Alikuwa kijana wa wizarani, suti imepigwa pasi mpaka inakata, na chini ya macho yake ungeona wazi kwamba wiki nzima hakuwa amelala. Aliwawekea karatasi mezani.

"Mama, shikamoo. Mzee, shikamoo. Naomba tuelewane," alisema. "Hapa kila neno limekubaliwa na serikali zote mbili. Kila neno. Hakuna kuongeza, hakuna kupunguza, na utani hakuna kabisa. Neno moja likiteleza, kazi yote ya mazungumzo inakwenda na maji."

"Mwanangu, usiwe na wasiwasi," Wembe alimwambia, na alimaanisha. Leo angesoma hata kitabu cha hesabu kama kingemletea dada yake. "Leo utanisikia nilivyo na adabu."

Fundi mitambo akainua kidole gumba. Taa nyekundu ikawaka.

"Ndugu wasikilizaji wa nchi zetu mbili," Wembe alisoma kwa sauti laini, kila neno amelipangusa kwanza, "ninayo furaha na heshima kubwa kuwa hapa pamoja na mwenzangu mheshimiwa, kutoka nchi jirani na rafiki."

"Nami namshukuru kwa dhati mwenzangu mheshimiwa," Ngurumo alidakia, "na ninawasihi wananchi wote muwe watulivu katika saa hii muhimu."

Nje, askari wa pande zote mbili walinyanyua vizuizi kwa wakati mmoja. Moyo wa Wembe uliruka. Mwisho wa daraja, upande wa ng'ambo, watu walikuwa wamejazana mpaka barabara haionekani, miavuli ya kila rangi, mizigo vichwani, watoto mabegani. Wengi walikuwa na redio ndogo masikioni. Mle ndani alikuwemo dada yake! Wembe alisoma ukurasa wa kwanza macho yakiwa dirishani, akisubiri mguu wa kwanza ukanyage daraja.

Mguu haukukanyaga. Alisoma kuhusu ujirani mwema, hakuna aliyekwenda. Akasoma kuhusu mshikamano wa kindugu, akaona mwavuli mmoja umegeuka. Kisha wa pili. Alipofika kwenye "kuheshimiana kwa dhati" watu walikuwa wanajitwika mizigo upya na kulipa daraja migongo, na hawakuwa wakitembea, walikuwa wakikimbia. Upande wa kwao nako vivyo hivyo: mwanamke mmoja alipita chini ya dirisha akiburuta watoto wawili kwa mikono, anaelekea mjini mbio. Wembe akadhani labda sauti yake haina utamu wa kutosha. Akaongeza utamu. Kadiri alivyozidi kuwa mtamu ndivyo watu walivyozidi kupungua.

Ngurumo alipokea ukurasa wake, mrefu, na hapo ndipo simu ya afisa ilipoanza kutetemeka mfukoni. Aliitazama, akarudi mpaka ukutani, akainama.

"Mama, nipo kazini," alinong'ona.

Yeye ndiye aliyenong'ona. Sauti ya mama yake ilisikika chumba kizima.

"Kazi gani, mwanangu! Toka hapo haraka! Vita vimeanza!"

"Vita gani? Nani amesema?"

"Wembe! Amemwita Ngurumo mheshimiwa! Nimemsikia kwa masikio yangu! Mara ya mwisho walipokuwa na adabu namna hii, mchana wake mabomu yalianguka sokoni. Mtaa mzima tunahama. Mimi nimeshafunga mizigo, kuku nimewaacha kwa jirani."

Wembe aliikumbuka asubuhi ya siku vita vilipoanza. Yeye na Ngurumo wakati ule nao walikuwa wakitukanana kama kawaida yao, hadi siku moja alipofika kazini akakuta karatasi mezani, akaambiwa asome taratibu. Muwe watulivu, ilisema. Jirani zetu, ilisema. Alikuwa ameisoma kwa sauti hii hii, na ng'ambo Ngurumo alikuwa amesoma ya kwake. Serikali zilikuwa zinapoza watu huku zikipakia mizinga. Tangu siku hiyo watu wa pande zote mbili walipima amani kwa masikio. Wakiwasikia wawili hawa wanararuana, wanajua leo kuna usalama, wanachukua majembe wanakwenda shambani. Na sasa yeye alikuwa amekaa hapa, na gauni lake jekundu, akimfukuza dada yake kwa maneno mazuri.

Alifunika kipaza sauti chake kwa kiganja. "Mwanangu," alimwambia afisa, "umesikia mama yako?"

Afisa alizitazama karatasi, zile ambazo kila koma yake ilikuwa imegombaniwa na watu wenye shahada. Akatazama dirishani. Daraja lilikuwa jeupe, tupu, na askari wa pande mbili walikuwa wameanza kukaza mikanda ya bunduki, kila mmoja akijiuliza mwenzake anajua nini. Kazi yake ilikuwa ukingoni, hilo lilionekana usoni. Akairudisha simu sikioni.

"Mama, hebu nikuulize. Ukiwasikia wanatukanana, utarudi nyumbani?"

"Nitafungua mizigo sasa hivi!"

Kijana yule akaja mezani, akamchukulia Ngurumo karatasi mikononi katikati ya sentensi, akachukua na za Wembe, akavuta boksi la waya la fundi, akaziweka juu yake na kuzikalia.

"Tukananeni," alisema. "Tukananeni, tafadhali. Kwa niaba ya serikali."

Ingekuwa siku nyingine yoyote Wembe angekuwa ameshamaliza sentensi ya tatu. Alifungua mdomo, pakatoka hewa. Kumtukana mtu usiyemwona ni kazi nyepesi, lakini huyu alikuwa mbele yake, ana peremende shavuni, kola ya shati lake imeshonwa upya kwa mkono, na jicho moja linatoa machozi kwa vumbi la forodha. Sekunde zilipita. Kimya kile kilikuwa kikienda hewani katika nchi mbili, na fundi mitambo alikuwa ameshika kichwa. Ng'ambo, kundi lililobaki lilikuwa dogo, na lenyewe linasita. Dada, usiondoke, Wembe alisema moyoni. Dada, nisubiri kidogo tu.

Ngurumo aliona. Akaisukuma peremende upande wa pili wa shavu, akasogea kwenye kipaza sauti.

"Wasikilizaji," alisema, na sasa ilikuwa ndiyo ile ngurumo yenyewe, inatikisa vioo, "huyu mwenzangu mheshimiwa amekaa hapa na ameshachukua nusu ya meza yangu. Hivi hivi ndivyo walivyoanza na mto."

Afisa akafumba macho. Mto! Watu walikufa kwa sababu ya mto ule. Lakini ulimi wa Wembe ukaamka.

"Nusu ya meza!" alifoka. "Jamani wa pande zote, nawaomba radhi, tumedanganywa. Miaka yote mnaambiwa Ngurumo, Ngurumo. Nipo naye hapa. Ni rasharasha! Wamemwekea kiti juu ya boksi ili aonekane!"

"Afadhali boksi. Nchi yake yote imesimama juu ya ahadi."

"Ahadi zetu zinachelewa tu, zenu zinapotea njia! Rais wenu alizindua bomba la maji, akakata utepe, akanawa mikono kwa maji ya chupa!"

"Na jeshi lenu likipiga gwaride, walio mbele wanatembea, walio nyuma wanauliza tunakwenda wapi!"

"Kwenye barabara zenu nani apige gwaride? Shimo lile la katikati ya mji wenu lina samaki!"

Hapo kikasikika kitu. Kilianza mbali, kikapita juu ya maji, kikaingia dirishani kabla hawajajua ni nini. Vilikuwa vicheko. Wale waliobaki ng'ambo walikuwa wamejikunja wanapigana migongoni, na nyuma yao barabarani waliokimbia walikuwa wamesimama, redio masikioni, wanageuka mmoja mmoja. Upande wa huku nako madirisha yalifunguka. Mtu fulani asiyeonekana alipiga sufuria kwa mwiko.

"Mnacheka?" Wembe alipaza sauti, damu inamchemka kwa furaha. "Nasema hivi, watu wa ng'ambo ni hodari wa kucheka wakiwa mbali. Kama mna la kusema, njooni mniambie usoni! Nipo dirishani, nimevaa jekundu!"

"Wananchi wenzangu, mmesikia?" Ngurumo alisimama kabisa, akabaki urefu ule ule. "Huyu mama ametuita. Tutanyamaza?"

Wa kwanza alikuwa bibi mmoja mwenye mwavuli wa njano. Alikanyaga daraja kwa hasira, mwavuli ameuelekeza mbele, na askari wa pande zote mbili wakabaki wanamtazama kwa sababu hakuna amri iliyozungumzia jambo la namna ile. Alitembea mpaka chini ya dirisha. "Shimo lile lilishazibwa!" alipiga kelele. "Tangu mwaka jana! Na samaki tulishakula!" Kisha akaangua kicheko, na kijana wa upande wa huku akampokea mzigo.

Baada ya hapo nani angehesabu. Walikuja kama shule imefunguliwa. Walikuja wakimtukana Wembe, na watu wa upande wa huku wakatoka kumtukana Ngurumo, na vile vikundi viwili vikakutana katikati ya daraja, vikatukanana vizuri sana, vikaanza kuulizana habari za watu. Fulani yupo? Yule mwenye duka? Alishazaa? Askari mmoja alikuwa amevua kofia anamsikiliza mtu wa ng'ambo akimweleza kwa nini bunduki yake imeshikwa vibaya. Afisa wa itifaki alikuwa bado amekalia karatasi, simu sikioni, anasema, "Ndiyo, mama. Kuku ukawachukue, mama."

Wembe aliendelea. Hakuthubutu kunyamaza. Aliikejeli mitaro yao, treni zao, timu yao ya mpira, na huku macho yanapekua kila uso uliopita chini ya dirisha. Huyu siye. Yule mrefu mno. Mwingine akamfanya asimame, kumbe siye. Alijikuta haijui tena sura anayoitafuta, anajua tu ya zamani, ile isiyo na mvi. Umati ulipita na kupita. Kama dada alikuwa miongoni mwa wale waliokimbia mwanzo? Kama alishafika nyumbani na kufunga mlango?

"...na saa ya mnara wenu," alikuwa anasema, "saa ile inaonyesha wakati sahihi pale tu..."

Mlango ukafunguliwa. Mwanamke mnene mwenye mvi alisimama pale anahema, viatu mkononi, vumbi limempanda hadi magotini. Fundi mitambo alimwashiria atulie, matangazo yanaendelea. Mwanamke akaitikia kwa kichwa, akaegemea ukuta.

"Usikatishe," alisema. "Malizia ya saa."

Wembe aligeuka.

"Malizia," dada yake alisema tena, na sauti yake sasa iliingia kwenye vipaza sauti vyote viwili. "Mume wangu alikuwa akiniuliza kila asubuhi, mama watoto, huyo anatutukana sisi, anakutukana na wewe, mbona unaongeza sauti? Nikamwambia, huyo hatutukani. Huyo ni mdogo wangu, ananiambia ameamka."

Wembe alishika ukingo wa meza. Miaka yote hiyo hakuwahi kukosa maneno, alikuwa nayo hata ndotoni.

"Wiki ile ulipougua," dada alisema, "walimweka mtu mwingine. Sikula. Uliporudi ukasema wanawake wa ng'ambo tunapika chakula hata moshi unakikimbia. Nililia kwa furaha, nikaenda kupika."

Taa nyekundu ilikuwa inawaka, nchi mbili zinasikiliza, na mdomo wa Wembe ulikuwa wazi bila kitu ndani. Ngurumo alisubiri kiungwana kadiri alivyoweza. Kisha akajisogeza taratibu kwenye kipaza sauti.

"Wasikilizaji wa pande zote mbili," alisema, "Wembe amekosa la kusema. Tumeshinda."

Daraja zima lililipuka kwa makelele.

"Na wewe nyamaza," dada alimwambia, akivuka chumba na viatu vyake mkononi. "Mwache alie."

Ngurumo akanyamaza. Fundi mitambo alipeleka mkono kuzima, afisa akamshika. Nje vicheko vilipungua, vikaisha, watu wa ng'ambo na wa huku wakasimama pale pale walipokuwa darajani, redio masikioni, wanamsikiliza mwanamke mmoja akilia begani kwa dada yake, na hakuna hata mmoja aliyeondoka.